Kadi ya Ada Kubwa na Kadi ya Ada Ndogo

Maongezi juu ya kadi za safari, kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Jambo ambalo zamani lilikuwa la wakubwa wa mijini sasa limefika hadi Ipinda, Ngonga na Matema. Mkulima ambaye fedha zake za kakao hupitia benki huweza kupewa kijitabu chenye picha za kadi mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, na ada yake ya mwaka ni ndogo. Ya pili inang'aa, imeandikwa dhahabu au platinamu, na ada yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Bali imeahidiwa zawadi za safari, bima, na ukumbi wa kupumzikia kwenye kiwanja cha ndege. Mfanyabiashara wa mchele anayekwenda Dubai hujiuliza achukue ipi. Kijana wa Kyela aliyeko Marekani hujiuliza vivyo hivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Na katibu wa chama anayetumwa safari kwa fedha za wanachama naye anahusika, ingawa huenda hajui kuwa anahusika. Hao watatu ndio wanaozungumzwa katika maongezi haya, na huyo wa tatu atazungumzwa kwa kirefu zaidi kuliko wenzake.

Kwanza yafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huviita kwa jina moja. Ipo kadi ya akaunti, ambayo humwezesha mtu kutumia fedha zake mwenyewe alizokwisha kuziweka benki. Ipo na kadi ya mkopo, ambayo humwezesha kutumia fedha za benki kwanza, kisha mwisho wa mwezi akaletewa hesabu ya kulipa. Akilipa deni lote kwa wakati, hatozwi riba kwa vitu alivyonunua. Akilipa sehemu tu, salio huanza kuzaa riba. Kadi nyingi zilizomo mifukoni mwa wananchi wa Tanzania ni za akaunti. Kadi zenye zawadi nono za safari, zinazosifiwa sana ng'ambo, aghalabu ni za mkopo. Kwa hiyo mtu asisome sifa za kadi ya Marekani akadhani ndizo za kadi aliyonayo mkononi.

Mpango wenyewe wa kumlipa mteja zawadi kwa safari zake si wa zamani sana. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950, na wakati huo ilikuwa njia ya kulipia chakula hotelini bila kubeba fedha. Tarehe 1 Mei, 1981, shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage: abiria alihesabiwa maili alizosafiri, zikifika kiasi fulani akapewa tiketi. Mwaka 1987 shirika hilo likaungana na benki ya Citibank, na tangu hapo mtu aliweza kupata maili bila kupanda ndege, kwa kununua tu sukari na mafuta kwa kadi. Huko ndiko kulikotoka hizi pointi zinazozungumzwa leo.

Walakini mwanaushirika hapaswi kustaajabishwa na wazo lenyewe, kwa maana wenzake walilitangulia kwa zaidi ya miaka mia moja. Tarehe 21 Desemba, 1844, waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao dogo katika mtaa wa Toad Lane, wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa. Ziada iliyopatikana waliigawa kwa kufuata manunuzi ya kila mwanachama: aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi. Kumrudishia mtu kwa kadiri anavyotumia huduma, basi, ni desturi ya ushirika. Tofauti iko hapa: mgawo wa Rochdale ulitolewa kwa fedha, kutokana na hesabu iliyosomwa mbele ya wanachama, na wanachama hao ndio waliokuwa wenye duka. Pointi za kadi hazimo katika daftari la mwenye kadi. Thamani yake hupangwa na mwenye kuzitoa, naye anaweza kuibadili. Tiketi iliyokuwa ikipatikana kwa pointi 40,000 inaweza mwakani kutaka 55,000, wala hapana mkutano mkuu utakaoitishwa kuuliza kwa nini.

Tena hapana budi kuulizwa zawadi hizo hutoka wapi. Mteja akilipa kwa kadi, mwenye duka hapokei fedha zote. Sehemu hukatwa na kugawanywa kati ya mabenki na kampuni ya kadi. Nchini Marekani makato hayo ni kama dola 2 katika kila dola 100, na kadi za daraja la juu humgharimu mwenye duka zaidi. Naye mwenye duka huingiza gharama hiyo katika bei ya vitu, na bei hiyo hulipwa na kila mtu, pamoja na yule anayelipa kwa noti. Mwaka 2010 wachumi wa Benki ya Akiba ya Boston walipiga hesabu hiyo wakaona kwamba kwa wastani familia ya Marekani inayolipa taslimu hupoteza dola 149 kwa mwaka, na familia inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo mwaka 2015: ada ya benki kwa benki katika kadi ya mkopo ya mteja wa kawaida isizidi senti 30 katika kila yuro 100. Chemchemi ikapungua, na zawadi nazo zikapungua. Ndiyo maana mzazi wa Kyela mwenye mtoto Ujerumani na mwingine Marekani atasikia habari mbili tofauti kabisa juu ya kitu kinachoitwa kwa jina moja.

Sasa juu ya kuchagua. Abiria wa TAZARA anayepanda Mbeya kwenda Dar es Salaam anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili kina sita, na daraja la tatu ni viti. Madaraja yote hufika kituoni pamoja, kwa kuwa yamefungwa kwenye kichwa kimoja cha treni. Anayelipa zaidi hanunui kufika, ananunua kitanda. Akikilalia usiku kucha amepata haki yake. Akilipia kitanda kisha akakesha anazungumza na jamaa zake kwenye viti vya daraja la tatu, amepoteza fedha, hata kama kitanda kilikuwa kizuri namna gani.

Kadi ya ada kubwa ni kitanda cha namna hiyo. Ada hutolewa kwa hakika, kwa fedha, siku ya kwanza. Faida ni ahadi ambazo mwenye kadi atazipata akizifuata. Kwa hiyo katika kupima, faida isihesabiwe kwa bei iliyoandikwa kwenye kijitabu cha benki. Ihesabiwe kwa kiasi ambacho msafiri angelitoa mfukoni mwake kama kadi isingelikuwapo. Kijitabu kikisema kuingia ukumbi wa mapumziko kuna thamani ya shilingi 100,000, na msafiri kwa kawaida hunywa chai na kula wali kwa shilingi 20,000, faida yake ni shilingi 20,000. Hizo 80,000 nyingine ni thamani ya kijitabu.

Uchukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa Kyela mjini. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, wala si za benki fulani. Kadi ndogo ina ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka, kadi kubwa shilingi 300,000. Tofauti ni shilingi 240,000, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kurudishwa na faida za ziada. Mtu huyu husafiri kwa ndege kwenda nje mara moja kwa mwaka, na katika safari hiyo hulipa kwa kadi shilingi 6,000,000. Kadi ndogo humrudishia nusu shilingi katika kila shilingi mia, yaani shilingi 30,000. Kadi kubwa humrudishia shilingi moja katika kila mia, yaani shilingi 60,000. Nyongeza ni shilingi 30,000. Ukumbi wa mapumziko, kwenda na kurudi, humwokolea chakula cha shilingi 40,000. Bima ya safari, ambayo angeinunua kwa vyovyote, humwokolea shilingi 50,000. Jumla ya yote ni shilingi 120,000. Amelipa 240,000 kupata 120,000. Akisafiri mara mbili kwa namna hiyo hiyo, ada imerudi, wala hapana faida. Ni katika safari ya tatu tu ndipo kadi kubwa inapoanza kumfaa. Kila mtu anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe mahali pa hizo. Kazi yake haizidi dakika kumi, penseli na ukurasa mmoja wa daftari.

Ila tarakimu ziwe za mwaka uliopita, si za mwaka unaotarajiwa. Mtu anayechagua kadi hujiona msafiri mkubwa kuliko alivyo. Ada ikishalipwa, yeye mwenyewe huanza kutafuta safari za kuihalalisha, na hapo kadi imekuwa bwana wake.

Zaidi ya hayo, mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una mambo yake ambayo waandishi wa vijitabu hawakuyafikiria. Kyela haina kiwanja cha ndege za abiria chenye ukumbi wa wenye kadi. Anayekwenda mbali hupanda kwanza basi kupitia Tukuyu hadi Mbeya, kisha huendelea kwa basi, au kwa treni, au hupanda ndege katika kiwanja cha Songwe kilichoanza kutumika mwaka 2012. Anayekwenda Manda, Liuli au Mbamba Bay hufuata meli. MV Mbeya II, iliyojengwa hapa hapa Kyela na kuanza safari mwaka 2021, imetengenezwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Anayekwenda Karonga huvuka mto Songwe pale Kasumulu. Katika njia hizo zote, sehemu kubwa ya nauli, chakula na malazi hulipwa kwa noti au kwa simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo simu imefanya kazi ambayo kwingineko ilifanywa na kadi. Mahali ambapo kadi haipokelewi, pointi hazipatikani. Kadhalika bima ya kadi nyingi hufanya kazi pale tu tiketi yenyewe iliponunuliwa kwa kadi hiyo. Mizigo ya aliyelipa nauli ya basi kwa noti haimo. Katibu anayeshauriwa na wanachama aanze kwa swali hili: katika matumizi ya safari ya mwisho, ni shilingi ngapi zilipita kwenye kadi? Mara nyingi jibu litamaliza mazungumzo.

Lipo na jambo la majira. Kadi ya mkopo ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara, ambaye fedha humwingilia kila mwezi na hesabu ya kadi humjia kila mwezi. Mkulima wa mpunga hapati mshahara. Fedha yake huja kwa wingi baada ya mavuno, kisha hukaa miezi mingi bila kuja tena. Kakao huchumwa kwa awamu, nyingi kipindi hiki, kidogo kipindi kile, na malipo hufuata mnada. Mto Kiwira au Mbaka ukifurika, hata makisio hayo huharibika. Hesabu ya kadi haingojei mnada wala haiulizi habari za mafuriko. Mtu aliyetumia kadi ya mkopo mwezi ambao ghala ni tupu atalipa sehemu ndogo ya deni, na riba itaanza. Kwa kiwango cha riba cha zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, ambacho kadi za Marekani zilikuwa nacho kwa wastani mwaka 2024, deni la dola 3,000 likikaa mwaka mzima huzaa riba ya zaidi ya dola 600. Hapana pointi za kadi yoyote, ya ada kubwa wala ndogo, zitakazoifikia. Kwa mtu wa namna hii uchaguzi kati ya kadi mbili za mkopo umekwisha kabla haujaanza: kadi yake ni ile ya akaunti, yenye ada ndogo.

Na kwa mahali ambapo noti ndiyo inayotawala, onyo moja liandikwe kwa herufi kubwa. Kutoa fedha taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo si sawa na kununua kitu kwa kadi hiyo. Aghalabu hutozwa ada papo hapo, riba huanza siku ile ile bila muhula, na pointi hazitolewi. Kijana anayerudi likizo na kadi yake nzuri ya ng'ambo, akaitumia kuchukulia noti za matumizi ya msiba au arusi, amekopa kwa bei kubwa kuliko anavyodhani. Afadhali atumie kadi ya akaunti yake.

Kijana huyo azungumzwe kidogo, kwani wazazi wake ni wanachama, na dola anazozitupa ni dola ambazo zingefika nyumbani. Nchini Marekani kadi mbili za benki moja hushindanishwa sana, nazo ni Chase Sapphire Preferred na Chase Sapphire Reserve. Ya kwanza ina ada ya dola 95 kwa mwaka. Ya pili ilipoanza mwaka 2016 ada yake ilikuwa dola 450. Mwaka 2020 ikawa 550. Mwaka 2025 ikapandishwa kuwa 795. Kadi hiyo kubwa humrudishia mwenye kadi dola 300 za matumizi ya safari kila mwaka. Kwa mtu anayekuja Kyela kila Krismasi marejesho hayo ni kama fedha taslimu, maana tiketi ya ndege peke yake huyamaliza. Basi ada yake halisi ni dola 495, na tofauti na ile ndogo ni dola 400.

Tiketi ya kutoka Washington hadi Dar es Salaam ikiwa dola 1,800, naye akainunua moja kwa moja kwa shirika la ndege, kadi ndogo humpa pointi 2 kwa kila dola, yaani 3,600. Kwa utaratibu wa mwaka 2025 kadi kubwa humpa pointi 4, yaani 7,200. Pointi moja ikihesabiwa kuwa senti moja, nyongeza ni dola 36. Zimebaki dola 364 za kutafutwa. Kadi kubwa imejazwa kuponi za hoteli za kifahari, za migahawa iliyochaguliwa na za tiketi za maonyesho, nazo kwa jumla zinapita ada yote. Lakini mfanyakazi wa hospitali anayefanya zamu mbili ili apeleke fedha Kyela hana usiku wa kulala katika hoteli hizo. Kwake yeye kadi ya dola 95 inatosha. Kadi zote mbili hazitozi nyongeza kwa matumizi ya nje ya nchi, na hilo ndilo jambo kubwa kwa mtu wa safari ya nyumbani: zipo kadi zisizo na ada yoyote ya mwaka, lakini hutoza kama dola 3 katika kila dola 100 zinazotumika nje. Kwa hiyo hata ile ya bure ipimwe.

Yule anayeruka kila mwezi kwa kazi yake, akala na kupumzika viwanjani, na akalipa deni lake lote kila mwezi, huyo achukue kadi kubwa bila kuona haya. Kupinga kila kitu cha bei ya juu nako si hesabu.

Ndugu Makatibu, sasa lifikiwe jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote cha benki.

Chama cha msingi kikimtuma katibu au mjumbe Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, fedha ya safari ni ya wanachama. Imetokana na makato ya kila kilo ya kakao iliyopimwa ghalani. Desturi ya miaka mingi ni masurufu: mjumbe hupewa fedha, husafiri, hurudi na stakabadhi, na salio hurudishwa kwa mtunza fedha. Sasa mjumbe akisema, "Nitalipa kwa kadi yangu, kisha chama kinirudishie," jambo hilo linaonekana jema, maana chama hakikubeba noti njiani. Lakini kadi ni yake, na pointi zimeingia kwake. Fedha ya chama imezaa kitu, na kitu hicho kimekwenda kwa mtu mmoja. Ni kidogo, ndiyo. Hata hivyo mizani ya ghala nayo ikizidi kwa gramu mia ni kidogo, na kila mwanachama anajua mazungumzo yanayofuata.

Hatari kubwa haiko katika zile pointi. Iko katika kuchagua. Mjumbe mwenye kadi ya ada kubwa ana sababu ya kupanda ndege mahali ambapo basi lingetosha, ya kulala hoteli inayompa pointi badala ya nyumba ya wageni iliyo karibu na mkutano, na ya kusafiri mara tatu kwa shughuli ya mara moja. Ada ya kadi ameitoa yeye, nauli inatolewa na wanachama, na kadiri nauli inavyokuwa kubwa ndivyo ada yake inavyorudi upesi. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuvutwa na jambo hilo bila kujijua.

Nchi nyingine zimelikuta jambo hili, na hazikulitatua kwa njia moja. Nchini Ujerumani, mwaka 2002, ilibainika kwamba baadhi ya wabunge walitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za kazi. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu tarehe 31 Julai mwaka huo kwa sababu hiyo. Marekani ilichukua njia nyingine: sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao, mradi zisiigharimu serikali zaidi. Njia zote mbili zina hoja. Ila katika njia zote mbili kanuni ilijulikana kabla ya safari. Pale ambapo kanuni haikuandikwa, huachwa ibuniwe na yule anayefaidika nayo.

Kwa chama kidogo njia ya Wajerumani ndiyo inayofaa, tena kwa sababu nyepesi: chama hakina mkaguzi wa kufuatilia kama safari ilikuwa ya lazima au ilikuwa ya pointi. Kamati na iandike katika taratibu zake za fedha kwamba nauli ya mjumbe hulipwa na chama moja kwa moja, au kwa masurufu. Kwamba anayelipa kwa kadi yake kwa dharura atarudishiwa nauli ya chombo ambacho kamati ilikiidhinisha, wala si zaidi. Na kwamba zawadi yoyote iliyotokana na fedha ya chama itatajwa katika taarifa ya safari na kutumiwa kwa safari ya chama inayofuata. Ada ya kadi ya mtu binafsi isilipwe na chama hata kidogo, hata kama mwenye kadi ataeleza kwa ufasaha kwamba aliichukua kwa ajili ya kazi.

Na kama benki italetea chama chenyewe kadi ya mkopo, kwa jina la chama, je? Hapo katibu akumbuke kwamba kadi hiyo ni mkopo kamili. Kiwango chake kimo ndani ya ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu, hata kama benki imekiita kwa jina jingine, na hata kama haijatumiwa shilingi moja. Hundi ya chama hutaka sahihi zaidi ya moja. Kadi hutaka namba ya siri moja tu, na namba hiyo iko katika kichwa cha mtu mmoja. Chama kinachohitaji kadi kwa sababu ya safari za mara kwa mara kitafute ya akaunti, ya ada ndogo, kwenye akaunti ndogo iliyotengwa kwa safari na kuwekewa kiasi cha safari moja tu. Tarehe 28 Aprili, 2025, Benki ya Ushirika ilizinduliwa rasmi Dodoma. Kwa kuwa vyama vya ushirika vimo miongoni mwa wenye hisa, makatibu wana haki ya kuiuliza, pamoja na benki nyingine zilizopo Kyela, ni akaunti gani za namna hiyo inazotoa na kwa makato gani.

Majibu yaombwe kwa maandishi. Katibu asiende kwenye kamati na kijitabu chenye picha. Aende na karatasi moja yenye mambo haya: ada ya mwaka ya kila kadi, makato ya kila muamala, makato ya kutoa noti, riba kama ipo, idadi ya safari za chama za mwaka uliopita, na kiasi cha fedha za safari hizo ambacho kingeweza kulipwa kwa kadi. Jambo hili la mwisho litamtaka afungue jalada la stakabadhi na kuzisoma moja moja, za basi, za meli, za nyumba za wageni. Akishazisoma, aziambatishe na karatasi hiyo ili wajumbe wa kamati nao wazione.